Deni la 87,200 limenifungia mkopo wa milioni 6. Jina langu CRB (kampuni ya taarifa za mikopo) nalisafishaje?

FundiWaSofia (Busia)

Asalaam aleikum ndugu zangu, na habari zenu nyote. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Kibanda changu kiko Sofia hapa Busia, upande wa Uganda. Naomba mnisikilize, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi wiki mbili sasa.

Shule mbili zimeniahidi kazi ya sare 340 kwa ajili ya muhula wa kwanza mwakani, Februari. Sijawahi kupata oda kama hiyo. Kwa cherehani zangu mbili za miguu siwezi kuimaliza, nahitaji ovaloki (mashine ya kushona kingo za kitambaa) na cherehani moja ya umeme. Nikaenda benki ninayoweka akiba kuomba shilingi milioni 6 za Uganda. Afisa alikuja mpaka kibandani, akapiga picha, akahesabu majora, akapekua daftari langu la oda ukurasa kwa ukurasa. Akaondoka anatabasamu. Siku ya tatu akapiga simu: "Mama, imekataliwa. Jina lako liko vibaya CRB."

Nikamwambia sijawahi kukopa benki maishani mwangu. Akasema si benki, ni mkopo wa simu wa 2020.

Hapo nikakumbuka. Februari 2020 nilikopa 80,000 kwenye simu, ada 9 kwa mia, siku 30, nirudishe 87,200. Nilinunua zipu, vifungo na nyuzi. Sketi 60 za bluu zilikuwa zimeshakatwa, zinasubiri muhula. Tarehe 20 Machi shule zikafungwa nchi nzima. Mnajua wenyewe, hazikufunguliwa zote mpaka Januari 10, 2022. Zile sketi zilikaa ndani ya gunia mpaka panya wakazitoboa. Niliuza cherehani moja nikalisha watoto, laini ya simu ikafa, na lile deni nikalisahau kabisa. Sikukimbia mtu, wallahi.

Sasa binamu yangu wa Nairobi amenitumia video ya Mmarekani mmoja anayesema ukiharibikiwa na alama za mkopo (namba inayoonyesha unavyolipa madeni), chukua kadi ya mkopo, nunua vitu vidogo, lipa kila mwezi, na baada ya miezi sita unapanda. Jirani yangu naye ananiambia nichukue mikopo midogo kwenye programu tatu tofauti za simu, nilipe zote haraka, jina litasafika. Nani yuko sahihi? Kadi hiyo mtu kama mimi anaipata wapi? Na je, Februari nitakuwa nimefika?

NgamboYaPili (Busia, Kenya)

Pole sana dada. Huku kwetu Benki Kuu ilitoa nafuu Novemba 2022: mtu mwenye mkopo wa simu wa siku 30 uliokwama alisamehewa nusu, akilipa nusu iliyobaki anatolewa kwenye orodha mbaya. Mimi mwenyewe nilifaidika. Lipa tu, kisha omba cheti cha kusafishwa, mambo yataisha.

MamaMitumbaTororo

Mwanangu Fundi, usishike hayo ya ng'ambo. Si kwamba ndugu yetu amesema uongo, lakini ile ilikuwa nafuu ya Kenya, kwa mikopo ya Kenya. Mkopo wako umefungwa kwenye NIN yako ya Uganda, namba ya kitambulisho cha taifa, na unahesabiwa kwa utaratibu wa huku. Sisi wa mpakani ndilo tatizo letu, tunasikiliza redio za pande mbili.

Nimepita njia hiyo, na nitakueleza yote nilivyoyapitia.

Mimi nauza mitumba, marobota ya sweta na mashuka. Nilimdhamini mwenzangu wa sokoni mkopo wa milioni 3. Alikuwa mtu mzuri, tulikuwa tunasali pamoja. Mumewe akaugua, biashara ikafa, akahamia kwao. Mimi nikadhani deni ni lake. Mwaka uliofuata naomba mkopo wangu, naambiwa nina deni baya. Nililia pale benki mbele ya watu, sioni aibu kulisema.

Nikashauriwa nisilipe chochote kabla sijaiona ripoti yangu kwa macho. Nikapanda basi mpaka Kampala, kwenye ofisi ya hiyo kampuni ya taarifa za mikopo, na kitambulisho changu cha taifa. Nilikaa kwenye benchi kama saa nzima. Binti wa pale akaniprintia karatasi tatu, akanisomea kwa kidole, mstari kwa mstari. Jina langu, NIN, namba ya simu ya zamani. Kisha jedwali: nani alikukopesha, lini, kiasi gani, umebakiza nini, na safu moja ambayo sitaisahau, ya siku za kuchelewa. Mstari wa ule udhamini uliandikwa 412. Halafu akashusha kidole, kumbe kuna mstari wa pili! Mkopo wa simu wa 45,000 nisioujua. Ni mdogo wangu alikopa kwa laini niliyomsajilia kwa kitambulisho changu, alipokuwa hana chake.

Unaona, mwanangu? Kama ningekimbilia kulipa ule mmoja niliokuwa naufikiria, benki ingenikataa tena kwa ule wa pili na ningechanganyikiwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni ripoti. Isome yote, hata ukurasa wa mwisho wenye majina ya waliokuulizia.

Ule wa simu niliulipa siku hiyohiyo. Ule wa udhamini nilikwenda kwa mkopeshaji, nikamwomba tupatane. Wakaondoa sehemu ya faini, mimi na mwenzangu tukalipa kwa miezi saba, yeye anatuma kutoka kwao kidogo kidogo. Mungu ambariki, hakunitupa. Tulipomaliza nikadai barua. Wakaniambia "tutakutumia ujumbe". Nikakataa, nikakaa pale mpaka nikapewa karatasi yenye muhuri, tarehe na namba ya mkopo, inayosema deni limekwisha. Karatasi ile ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu wiki tisa baadaye niliangalia tena ripoti na bado imeandikwa nadaiwa. Mkopeshaji hakuwa amepeleka taarifa mpya. Nikawasilisha malalamiko pamoja na nakala ya barua, wakaulizana wao kwa wao, ikarekebishwa.

Sasa kujenga upya. Kulipa hakufuti yaliyopita. Mstari unabaki, ila unasomeka "umelipwa". Kwa hiyo unatakiwa kuweka mistari mizuri juu yake. Nilijiunga na SACCO, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, nikaweka akiba ya 500,000 nisiyoigusa, nikakopa 400,000 kwa miezi minne, riba 2 kwa mia kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Mwezi wa kwanza nililipa 108,000, wa pili 106,000, kisha 104,000 na 102,000. Riba yote 20,000. Watu waliniuliza kwa nini nakopa wakati pesa yangu iko palepale. Mimi nilijua nanunua nini kwa hiyo elfu ishirini.

Na tarehe! Niliwaomba rejesho liwe siku moja baada ya gulio langu, si tarehe 30 kama walivyozoea. Tarehe 30 mimi sina kitu, wateja wangu wote wanalipa karo. Baada ya gulio nina noti mkononi, napeleka kabla hata sijanunua sabuni. Wewe wa sare, pesa yako inakuja shule zikifunguliwa. Panga marejesho yafuate hapo.

Baada ya 400,000 nikachukua milioni 1, kisha milioni 2 na nusu. Sijachelewa hata siku moja.

BodaMalaba

Naongeza moja tu. Dada, usije ukakata tamaa ukaenda kwa watu wa riba wanaoshika kitambulisho. Mimi nilimpa mtu kitambulisho na kadi ya ATM kwa mkopo wa 300,000. Nilikaa miezi mitano bila kitambulisho, siwezi hata kubadilisha laini. Baadaye ndipo nikajua sheria ya 2016 ya wakopeshaji wadogo inawakataza kabisa kushika kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya ATM kama dhamana.

AfisaMikopoMstaafu (Mbale)

Mama Mitumba amesema karibu yote, na amesema vizuri kuliko tulivyokuwa tunawaeleza wateja. Nilikaa kwenye meza ya mikopo miaka mingi, niruhusuni nijaze mapengo.

Kuhusu kadi. Yule Mmarekani hajakosea kwa kwao. Kule alama zinazotumika sana zinaanzia 300 hadi 850, na sehemu kubwa kabisa, 35 kwa mia, ni kulipa kwa wakati. Sehemu nyingine ya 30 kwa mia inaangalia unadaiwa kiasi gani, na hapo ndipo wanapotazama umetumia kiasi gani cha kikomo cha kadi. Kule watu wengi wana kadi ya mkopo, kwa hiyo ushauri huo una maana. Hapa kadi ya mkopo benki huwapa hasa watu wa mshahara, au mtu anayekubali kufungia pesa zake kama dhamana. Kadi uliyo nayo pochini, Fundi, ni ya kutolea pesa zako mwenyewe. Ukiichanja mara mia kwa mwezi hakuna anayeandika chochote CRB, kwa sababu hujakopa. Na kama unayo ile kadi ya zamani tuliyokuwa tunawachukulia alama za vidole mfumo ulipoanza mwaka 2008, hiyo nayo haikuwa kadi ya mkopo. Ilikuwa ya kukutambulisha, kabla NIN haijashika kazi hiyo. Wengi walinijia nayo wakitaka pesa.

Kama ungekuwa na milioni moja ya kufungia, ningekuambia kadi ya dhamana si mbaya. Lakini hata ungekuwa nayo, ingekuwa na kazi bora ndani ya vitambaa.

Kuhusu programu tatu za simu kwa mpigo: tafadhali usifanye. Kila mkopeshaji akikuulizia, ulizo linabaki kwenye ripoti. Afisa akiona umeulizwa mara sita ndani ya mwezi mmoja, hawazi kwamba unajenga jina. Anawaza kwamba unazama. Na ada ya 9 kwa mia kwa siku 30 ni nzito; ukichukua 100,000 mara nne mfululizo umeshatoa 36,000. Linganisha na ile 20,000 ya Mama Mitumba kwa 400,000. Ukitaka kutumia simu, chukua mmoja mdogo, kwa mkopeshaji mmoja, pale unapouhitaji kweli, na ulipe kabla ya siku.

Jambo ambalo watu hawaulizi, nami naliona ndilo kubwa: kabla hujajiunga na SACCO yoyote, uliza "Mnapeleka taarifa za marejesho CRB?" Sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa mwaka 2016, ikafungua mlango kwa wakopeshaji wasio benki kuingia kwenye mfumo, SACCO zikiwemo. Si zote zimeingia. Kikundi chenu cha akiba cha kina mama, cha sanduku na kufuli tatu, kinakulea vizuri kuliko benki, endelea nacho, lakini marejesho yake yanabaki ndani ya sanduku. Niliwahi kumkatalia mama mmoja aliyelipa kikundi miaka sita bila kukosa, kwa sababu kwenye skrini yangu hakuwepo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ukifika kwa wakopeshaji binafsi wenye leseni, jua kwamba tangu 2024 riba yao ina kikomo cha 2.8 kwa mia kwa mwezi, na leseni yao inaisha kila tarehe 31 Desemba. Omba kuiona ya mwaka huu.

Halafu kuhusu Februari. Milioni 6 nzima siioni, sitaki kukudanganya. Lakini hebu tuangalie unahitaji nini hasa. Ovaloki peke yake ni bei gani?

FundiWaSofia

Mzee wangu, ahsante sana. Mama Mitumba, umenitoa machozi. Ovaloki nzuri iliyotumika nimeambiwa milioni 1.8. Cherehani ya umeme milioni 1.2. Zilizobaki zilikuwa za vitambaa.

AfisaMikopoMstaafu (Mbale)

Basi mkopo unaoutafuta ni wa milioni 3, na hata huo unaweza kuugawa. Tangu 2019 tuna sheria ya dhamana za mali zinazohamishika. Mashine yenyewe unayoinunua inaweza kuandikishwa kwenye daftari la serikali pale URSB, ofisi ya usajili, kama dhamana, huhitaji hati ya kiwanja cha mume wala cha baba. Wengi hawaijui, na kina mama ndio wanaoumia zaidi kwa kutoijua. Muulize afisa wako moja kwa moja: "Mnakubali ovaloki kama dhamana?"

Vitambaa usivikopee. Waombe walimu wakuu malipo ya awali, hata theluthi, kwa maandishi. Barua hiyo ya shule nayo ni ushahidi wa kumwonyesha afisa. Na pindo za mwanzo unaweza kumpelekea jirani mwenye ovaloki kwa malipo ya kipande.

Anza na ripoti wiki hii. Siku 90 bila kulipa ndipo benki huhesabu mkopo kuwa mbaya, na wewe umepita hapo miaka. Ila deni dogo la zamani lililolipwa, lenye mistari mizuri juu yake, nilikuwa naliruhusu. Nilikuwa nauliza tu lilitokana na nini. Ukinitajia Machi 2020 na sare za shule, nisingehitaji maelezo zaidi.

FundiWaSofia (baada ya wiki saba)

Nimerudi kama nilivyoahidi. Ripoti nimeipata. Imenisaidia kuliko nilivyotarajia, maana jina langu la pili lilikuwa limeandikwa vibaya, herufi mbili zimegeuzwa, nimelalamika wanarekebisha. Deni lilikuwa moja tu, lakini kwa faini limefika 96,400. Nililipa kwa wakala nikiwa nimeshika risiti kwa mikono miwili. Barua walinizungusha siku kumi na moja. Kila asubuhi nilipiga simu kabla ya kufungua kibanda, kama Mama Mitumba alivyokaa pale ofisini. Jana imefika, ina muhuri.

SACCO mbili za kwanza niliziuliza swali la mzee, zote zikasema hapana. Ya tatu, iliyo Tororo, ikasema ndiyo, na karani akanionyesha. Nimeweka 350,000. Mkopo wangu wa kwanza ni 300,000 kwa miezi mitatu, nao nimenunulia majora ya bluu. Rejesho la kwanza ni wiki moja baada ya muhula wa tatu kufunguliwa Septemba, walikubali nilipowaeleza kazi yangu.

Mwalimu mkuu mmoja amekubali kutoa theluthi Novemba. Wa pili bado anafikiria. Jirani mwenye ovaloki ananitoza 500 kwa kila sketi.

Swali moja limebaki. Ile barua ya kumaliza deni, nimpe afisa wa benki karatasi ya asili au nakala?

MamaMitumbaTororo

Nakala, mwanangu, nakala! Ya asili mwonyeshe ailinganishe mbele yako, kisha irudishe mfukoni. Mimi yangu iko ndani ya bati la biskuti pamoja na kadi za kliniki za watoto. Na ukija Tororo kulipa rejesho Septemba, pita sokoni uniulizie kwa wauza sweta, tunywe chai.